Chumba cha Mama Mkwe

Rispah alisafiri kutoka Bungoma hadi Johannesburg kwenda kumwogesha mjukuu, na jioni ya kwanza akajikuta peke yake katika chumba cha hoteli, mbele ya kitanda cha kulaza watu wanne.

Binti yake Cheryl alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki tatu kabla. Mtoto wa kwanza, mvulana, Josiah. Kila siku Cheryl alipiga simu akilia: sijui kama anashiba, sijui kwa nini halali, mimi mwenyewe sijalala. Rispah hakuwa mtu wa kubembeleza kilio cha simu. Aliomba ruhusa ya siku kumi katika shule ya wasichana alikosimamia jikoni, akafunga unga wa wimbi kilo sita, akapanda ndege.

Kilichomshangaza kwanza ni mkwe. Siku ya harusi, Mwaniki alimkumbatia mbele ya watu wote mpaka kilemba kikaanguka. Sasa pale uwanja wa ndege alisimama mbali, hatua nne hivi, macho yakitazama viatu vya Rispah.

"Habari ya safari, Mama," aliviambia viatu.

Hakumpa mkono. Alimfungulia mlango wa nyuma wa gari, na njia nzima hadi nyumbani kwake Midrand hakugeuka hata kwenye taa za barabarani, zile ambazo huko huitwa roboti. Walipofika, Rispah akaingia ndani, akamkuta Cheryl na macho mekundu, akampokea mtoto. Mwaniki hakuingia. Alibaki uani saa mbili nzima akifuta gari lililokuwa safi. Saa kumi na moja akabisha dirishani.

"Mama, twende sasa. Nimekuchukulia hoteli mjini, karibu na ofisi yangu. Nitakuwa nikikuleta asubuhi na kukurudisha jioni."

Rispah alimtazama binti yake.

"Mimi mwenyewe nimeambiwa leo," Cheryl alisema. "Anasema ni vizuri zaidi."

"Vizuri kwa nani? Mtoto analia usiku, mimi niko mjini. Nitalea kwa simu?"

Cheryl akaanza kulia tena, kwa hiyo Rispah akafunga mdomo na kuingia garini. Alijua kwamba kwao Bukusu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe. Alijua, na tangu ndani ya ndege alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanamke aliyepasuliwa ni dharura, atalala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, na wazee wa Bungoma hawatasikia. Lakini Mwaniki ni Mkikuyu wa Nyeri. Hayo ya Wabukusu angeyajulia wapi? Hapana. Huyu kijana hakumtaka, basi.

Hoteli ilikuwa jengo la zamani, ofisi za kampuni ya madini miaka ya thelathini, katikati kabisa ya mji. Lifti ilikuwa na geti la chuma lililokunjwa kwa mkono. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe, na vitasa vya shaba vilisuguliwa mpaka mtu akaona pua yake. Rispah alipitisha kidole juu ya kabati, mahali ambapo wasafishaji wavivu hupasahau. Hapakuwa na vumbi. Jambo hilo lilimuudhi zaidi, maana alikuwa anatafuta kosa.

Dirishani aliona maduka ya jumla yakifunga milango, wachuuzi wakikunja meza zao, na katika ghorofa ya jengo la mbele kwaya ya kanisa ikifanya mazoezi. Aliingia kuoga ili asiendelee kukasirika. Beseni la kuogea lilikuwa la chuma, refu, lenye miguu kama ya simba. Alifungua bomba na maji ya moto yakaja mara moja, mengi, bila mtu kuwasha kuni wala kubeba ndoo. Akakaa humo mpaka vidole vikajikunja. Kisha akapanda kitandani akipanga maneno makali ya kumwambia Mwaniki, akalala kabla hayajafika matatu.

Aliamka saa mbili asubuhi. Hakukumbuka mara ya mwisho jua kumtangulia. Aliona aibu kama mwizi, akatandika kitanda, akasugua beseni kwa taulo dogo, akafagia kwa mkono chini ya meza. Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa makamo mwenye aproni ya kijivu, akatazama huku na huku, akashika kiuno.

"Mama, sasa miye nitafanya kazi gani hapa?"

Kilikuwa Kiswahili. Rispah alikaribia kumkumbatia.

"Unatoka wapi?"

"Bukavu. Lakini niko huku miaka kumi na moja, ninakaa mtaa ya La Rochelle. Ninaitwa Brigitte. Wewe ndiye mama ya ule bibi ya Mwaniki, ninakujua."

"Unanijuaje?"

Brigitte alikaa kwenye kiti bila kualikwa, jambo ambalo Rispah alilipenda.

"Mkwe wako ametusumbua wiki mbili. Alikuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza walimpa chumba ya mbele. Akavua viatu, akalala juu ya kitanda, akafunga macho. Tulidhani amegonjwa. Kumbe anasikiliza taksi. Akasema kelele ni mingi, mama hatalala. Mara ya pili akakataa chumba yenye kuwa na manyunyu tu, akasema mama anasimama jikoni siku yote, magoti inamuuma, anataka fasi ya kulowesha miguu. Mara ya tatu akaja kuuliza kama jikoni wanaweza kupika uji."

Rispah alikaa kitandani, juu ya shuka alizozinyoosha mwenyewe.

"Mbona hakunilaza kwake, kama ananijali hivyo?"

"Kwani si ni makosa kwenu? Alinionyesha kwa simu. Kuko mjomba mumoja, Situma, alimwandikia masharti yote. Asikushike mkono. Asikutazame uso. Musikae chumba moja. Usilale chini ya paa yake. Nikamuuliza, na kama mama anaanguka kwa ngazi? Akafikiri sana. Akasema, hiyo mjomba hakuandika."

Rispah alicheka mpaka akashika tumbo. Situma alikuwa mdogo wake wa mwisho. Kisha kicheko kikakata.

Alimkumbuka mama yake mwenyewe. Cheryl alipozaliwa, mama alitembea kutwa kuja kumwona, na marehemu mume wa Rispah, Mbukusu wa damu, aliishika mila sawasawa: mama mkwe hakulala ndani ya nyumba. Alilazwa kwenye ghala la mahindi, juu ya magunia, panya wakipita. Hakuna aliyeona ubaya. Na huyu kijana wa Nyeri, ambaye mila hiyo si yake, alikuwa ameibeba yote bila kupunguza kitu, akaitafutia beseni la maji ya moto.

"Unafikiri nini, mama?" Brigitte alisema.

"Nilikuwa nimepanga kumtukana. Nashukuru nililala mapema."

Akachukua simu. Mwaniki aliitika mara moja; alikuwa tayari barabarani kuja kumchukua.

"Mwaniki, Situma alikuambia nilale wapi?"

"Popote, Mama, ila si chini ya paa langu."

"Na Cheryl kulala chini ya paa langu, alisemaje?"

"Hilo hakusema."

"Hapa ni kwangu siku kumi, wewe mwenyewe umenipa. Geuza gari. Mlete mke wako na mtoto."

"Wakae hapo? Na mimi, Mama?"

"Wewe una nyumba nzima. Kalale."

Brigitte alikuwa amekwisha kusimama, akihesabu taulo.

Walifika saa sita mchana. Beseni lenye miguu ya simba lilikuwa kubwa mno kwa Josiah, kwa hiyo Brigitte alileta karai kutoka jikoni, na Rispah akamwogesha mjukuu wake kando ya dirisha penye jua, akimnyoosha mikono na miguu kama mama yake alivyomnyoosha Cheryl. Mtoto alipiga kelele, kisha akaacha, kisha akafumba macho kama mzee aliyeshiba. Cheryl alikunywa bakuli mbili za uji. Alikuwa akieleza jambo kuhusu daktari, na katikati ya sentensi akalala, mdomo wazi.

Mwaniki alikuwa bado kwenye ukumbi mwembamba, nje ya kizingiti, mgongo ukutani, mabegi matatu mikononi. Rispah alimtokea na mtoto. Kijana akageuza uso upande wa lifti.

"Nitazame, Mwaniki."

"Mama, mjomba alisema..."

"Situma nilimbeba mgongoni mimi. Ninakuruhusu. Nitazame."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Cheryl. Wiki tatu, Rispah alifikiri, na hakuna aliyemuuliza huyu kama amelala.

"Mimi sijui maneno matamu," alisema. "Mama yangu alilala kwenye magunia kwa ajili ya heshima. Wewe umenipa heshima hiyo hiyo na bado nimeamka sina maumivu ya goti. Asante, mwanangu. Asante sana."

Mwaniki aliweka mabegi chini, akayapanga vizuri kando ya mlango, ingawa hayakuhitaji kupangwa.

"Kesho nije saa ngapi, Mama?"

"Ukishaamka," Rispah alisema, akaufunga mlango taratibu ili Cheryl asishtuke.