Papa wa Mwalimu Shomari

"Ba, be, bi!" Mwalimu Shomari aligonga ubao kwa fimbo, na darasa likaitikia kivivu, kama watu wanaotwanga mahindi ya jirani. Lilikuwa likiitikia hivyo tangu mvua zianze, na hakuna mtoto aliyejua herufi hizo zinakwenda wapi.

Kule juu mlimani, katika shule ya misheni, mwalimu Lesikar, Mwarusha, hakuwa na fimbo. Alikuwa na kibuyu cha asali. Aliandika "asali" ubaoni, na mtoto aliyelisoma neno bila kubabaika alichovya kidole akalamba. Kesho yake neno lilikuwa "ndizi", na ndizi ilikuwapo. Basi watoto wa Waarusha wakawa wanamtoroka Shomari hapa penye boma la Wadachi, wanapanda mlima kumfuata mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani! Kijicho kilimla Shomari.

"Kusoma gani huko kwa kulamba?" alimuuliza mkewe asubuhi ile.

"Si wanasoma?" Mwamvua akajibu, akimpoozea uji. "Wewe ungepewa hiyo asali, ungeilamba peke yako."

Hakucheka. Siku hiyo Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuwa anakuja kuwasikiliza wanafunzi, na alikwisha kusema: wasiposoma, shule atapewa Lesikar, naye Shomari atarudi Tanga kwa miguu na mzigo wa serikali kichwani. Tena Lesikar mwenyewe kaalikwa, na sasa alikuwa ameketi darasani kwenye benchi la nyuma, kanzu nyeupe, ametulia kama bwana harusi. Shomari alimchukia hata kwa ule utulivu.

Akafuta ba-be-bi. Kama ni vya kufurahisha, hata yeye anavyo! Akachora yule samaki mkubwa wa kwao pwani, kinywa wazi, meno nje. Chini yake akaandika: *Papa ana meno. Papa anakula watu.*

"Nani amewahi kumwona papa?"

Mikono yote ikanyooka. Shomari alifurahi mno, wala hakujiuliza watoto wa mlimani wamemwona papa wapi.

Lesikar akakohoa. "Mwalimu, samahani, hilo neno kwetu huku..."

"Ngoja, ndugu yangu. Leo zamu yangu." Moyoni alisema: kumbe na wewe unaona wivu!

Bwana Shauri akaingia na askari wake. Watoto wakasoma kwa sauti moja, wamesimama, macho yakiwaka. Mdachi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri. Wewe," akamteua Lomayani, mtoto wa benchi la mbele. "Papa nani?"

"Papa ni baba, Bwana. Kwa lugha yetu."

"Baba? Baba nani?"

Lomayani akajibu kama alivyofundishwa kuitikia kila asubuhi. Akainyoshea kidole picha ya ukutani, ile ya mfalme wa Wadachi, mzee mwenye masharubu yaliyosimama. "Baba yetu sote ni Kaizari."

Hakuna aliyecheka. Baba zao wengi walikamatwa kubeba mawe ya boma lile, na si wote waliorudi. Bwana Shauri aliugeukia ubao akasoma mwenyewe, polepole, midomo ikitembea. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Mpe mwalimu hamsa ishirini," akamwambia askari, yaani viboko ishirini na vitano. "Shule ya Lesikar kuanzia leo. Mwalimu, futa!"

Askari akakunjua kiboko. Shomari akachukua kitambaa, akatupa jicho benchi la nyuma. Lesikar alikuwa amesimama, anawatazama wale watoto waliosoma bila kulamba kitu, na usoni mwake Shomari alikiona kijicho. Alikifahamu vizuri. Amekaa nacho msimu mzima.

Akakiweka kitambaa chini.

"Someni tena," akawaambia watoto.

Wakasoma.