Ratili Kumi na Saba

Kasilda binti Selestini alimaliza chuo cha uuguzi akiwa wa kwanza, kama alivyokuwa wa kwanza kila muhula kwa miaka mitatu. Mwalimu wa somo la dawa alipochoka kueleza, chaki alimpa yeye. Jioni bwenini alikaa na Nyanzala Maduhu kitandani na kumrudishia somo zima taratibu, maana hesabu za dozi zilimshinda Nyanzala tangu siku ya kwanza.

Wote wawili walitoka bonde la Mpimbwe. Kasilda alizaliwa Mamba, kwa wakulima wa mpunga. Nyanzala alifika huko akiwa msichana, baba yake alipohamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Ukiwa ugenini, mtu anayelijua bonde lenu humchunguzi sana, wakawa marafiki. Nyanzala alifaulu mtihani wa mwisho kwa alama mbili tu juu ya kiwango, akamkumbatia Kasilda mbele ya watu na kusema, "Cheti hiki nusu yake ni chako." Kasilda alicheka. Siku hiyo maneno hayo yalimfurahisha kweli.

Machi 1976 walipangiwa kazi pamoja, kwenye kituo cha afya Mpanda mjini. Walishuka kwenye treni na masanduku yao ya bati, wakapanga chumba kimoja Majengo, uani kwa mfanyabiashara wa chumvi na dagaa wa ziwani.

Mwezi huo surua ilikuwa imeingia vijijini. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya miaka miwili nyuma, nyumba zimekaribiana, na ugonjwa ukianza nyumba moja ulipita mstari mzima. Akina mama walifika na watoto mgongoni kwa chanjo, wengine wametembea tangu alfajiri. Kasilda alijua kila kitu kuhusu surua. Angeweza kuandika kurasa nne bila kuinua kalamu. Lakini chuoni alikuwa amedunga chungwa, kisha wagonjwa watu wazima, tena mwalimu amesimama kando yake. Siku ya pili ya kazi aliwekewa mbele mtoto anayepiga mateke, mama anayemtazama usoni, na foleni ya watu thelathini wanaotazama wote. Mkono ukatetemeka. Sindano iliingia, ikatoka, damu ikachuruzika pajani kwa mtoto.

"Basi, binti," yule mama alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Kasilda. "Niachie tu mwanangu."

Nyanzala alikuwa meza ya pili. Alikuja, akachuchumaa mbele ya yule mama, akamuuliza kwao wapi, mtoto anaitwa nani, amekula nini tangu jana. Walikuwa bado wanaongea wakati sindano imeshaingia na kutoka. Mtoto alilia baadaye, kama aliyekumbuka.

Kasilda alimshukuru. Jioni walipika ugali pamoja kama kawaida, Nyanzala akasema, "Itazoea tu mikono yako. Yangu imezoea ndama." Aliyasema kwa wema. Kasilda aliosha vyombo akijiambia kwamba kweli ni ndama tu, hakuna zaidi.

Lakini wiki zilipita na mikono haikuzoea. Kwenye foleni akina mama walianza kuchagua meza. Walimwachia Kasilda nafasi wazi, wakajipanga kwa Nyanzala, wakisema wanamsubiri yule mrefu. Mganga msaidizi, Maximilian, mtu asiye na maneno mengi, akishindwa kupata mshipa kwa mtoto aliyekaukiwa maji, alisema tu, "Niitieni Nyanzala." Hakumaanisha kumdharau mtu. Kasilda alikuwa amesimama hapohapo, kibakuli cha pamba mkononi, naye akatumwa kumwita.

Alianza kuhesabu. Kwa siku moja jina la Nyanzala lilitajwa mara kumi na nane, lake mara tatu, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa kuulizwa Nyanzala yuko wapi. Alianza kutoka nyumbani mapema asubuhi ili wasitembee pamoja kutoka Majengo, maana njiani watu walimsimamisha Nyanzala kumsalimia na kumwonyesha mtoto aliyepona. Siku moja bibi mmoja wa Misunkumilo alimletea Nyanzala kuku. Wakamla jioni hiyo. Kasilda alikula vizuri tu, lakini alipolala alijiuliza swali ambalo hakuthubutu kumuuliza mtu: mimi niliyemfundisha huyu, nimebaki na nini?

Mwezi wa saba muuguzi mkuu, Mama Getrude, aliwaita wote ofisini kwake. Alikuwa mama mzito, mwenye miwani, aliyefanya kazi tangu enzi za Waingereza.

"Wodi ya watoto inahitaji msimamizi," alisema. "Nimeshaamua. Atakuwa Nyanzala."

Halafu alimgeukia Kasilda. "Wewe vitabu vyako ni safi kuliko vya mtu yeyote hapa. Utabaki chumba cha dawa."

Wengine walimpongeza Nyanzala. Kasilda pia alimpongeza, akamshika mikono yote miwili, na uso wake ukafanya kila kinachotakiwa. Kisha alikwenda chumba cha dawa akapanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangwa.

Jambo moja halikubadilika. Hesabu bado zilimtisha Nyanzala, na kila alipokuwa na dozi ya mtoto mdogo aliiandika kwenye karatasi, akaja dirishani kwa Kasilda. "Silda, nitazamie hii." Kasilda alitazama, akarekebisha au akaitikia kwa kichwa. Akina mama hawakujua. Wala mganga hakujua. Kasilda aliona kwamba sifa zote za wodi ile zinapita kwanza dirishani kwake, na hakuna anayemwona aliye nyuma ya dirisha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane. Mama mmoja anayeitwa Romana alimleta mwanawe wa miezi tisa, mwenye malaria kali, anatapika kila anachopewa. Maximilian aliagiza sindano ya klorokwini kwa kadiri ya kilo za mtoto. Mizani ya kilo ilikuwa imepelekwa na gari la kliniki vijijini, kwa hiyo Nyanzala alimpima mtoto kwa mizani ya zamani iliyokuwa stoo, ile inayosoma ratili, ambazo mbili na ushee ndizo kilo moja. Aliandika kumi na saba. Akapiga hesabu yake, akaja dirishani.

"Silda, nitazamie hii. Mtoto ana hali mbaya, nina haraka."

Kasilda aliliona kosa kabla karatasi haijatulia mkononi. Alimwona mtoto begani kwa Romana, na mtoto yule hakuwa na kilo kumi na saba. Zilikuwa ratili. Kilo zake zilikuwa nane, au pungufu kidogo. Dozi iliyoandikwa pale ilikuwa zaidi ya mara mbili, na klorokwini ya sindano ikizidi kwa mtoto mdogo inasimamisha moyo. Jambo hilo alikuwa amemfundisha Nyanzala yeye mwenyewe, bwenini.

Alinyanyua macho. Nyuma ya Nyanzala, mama mwingine alikuwa anamvuta gauni akimwita, "Nesi, nesi wangu."

"Wewe ndiye msimamizi," Kasilda alisema, akamrudishia karatasi. "Fanya unavyoona."

"Lakini iko sawa?"

"Nimeshasema. Fanya unavyoona."

Nyanzala alimtazama kidogo, akaondoka kwa haraka.

Kasilda alibaki amesimama. Baadaye alipojaribu kukumbuka muda ule, alikumbuka kwamba hakuwaza kifo cha mtoto. Aliwaza Maximilian akisema, "Nani alipiga hesabu hii?" Aliwaza foleni ikihama meza. Yalikuwa mawazo matamu, na yalidumu kwa kadiri mtu anavyoweza kuhesabu hadi ishirini. Kisha akasikia mtoto akilia wodini, kilio chembamba, akaelewa alichofanya. Alitoka mbio, akagonga kiti, akavuka ua viatu vikimtoka.

Alimkuta Nyanzala amesimama kando ya kitanda, bomba la sindano juu kwenye mwanga, hajachoma. Alikuwa anaitazama dawa.

"Ni nyingi," Nyanzala alisema, kama anayejisemea. "Sijawahi kumpa mtoto wa hivi dawa nyingi hivi. Mkono unakataa."

"Ni ratili," Kasilda alisema akihema. "Umepima kwa ratili. Ana kilo nane."

Nyanzala alimwaga dawa kwenye kibakuli. Alivuta nyingine, ile kidogo, akamwonyesha Kasilda, Kasilda akaitikia, akachoma. Romana hakujua lolote. Alimwekea mtoto titi, akawaombea baraka wote wawili.

Nyanzala alitoka naye hadi uani, kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Pale dirishani," alisema, "uliona?"

Kasilda angeweza kusema hapana. Mtu yeyote angemwamini, isipokuwa huyu aliye mbele yake.

"Niliona."

Nyanzala alishika shuka lililolowa, akalinyoosha, akaliacha. "Mimi siku zote nilikuwa najua kwamba nikikosea, yupo Silda." Aliingia ndani.

Jioni ile alihamishia sanduku lake kwa binamu yake upande wa pili wa mji. Hakumwambia mtu sababu. Kesho yake, na siku iliyofuata, Kasilda alisubiri kuitwa ofisini. Hakuitwa. Aligundua kwamba kusamehewa kimya na Nyanzala kunamuuma kuliko kushtakiwa. Hata katika hilo mwenzake alikuwa amemzidi. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Mama Getrude, akafunga mlango, akaeleza yote bila kujificha: ratili, karatasi, dirisha, na wivu pia, kwa jina lake.

Mama Getrude alivua miwani. "Mtoto yuko wapi?"

"Ameruhusiwa jana. Ananyonya vizuri."

"Nani kakutuma kuja?"

"Hakuna, mama."

"Nikiandika barua, gauni hilo hutalivaa tena mahali popote. Unajua?"

"Najua."

Mama Getrude alitazama nje ambako watu walikuwa wanapanga foleni. "Kosa moja ni langu," alisema. "Niliwagawa nyie wawili kama mtu anayetenganisha mkono na jicho. Lakini lako ni kubwa. Kuanzia kesho unatoka chumba cha dawa. Utafanya kazi wodi ya watoto, chini ya Nyanzala, na kila dozi inayotolewa mle iandikwe majina mawili, la aliyepiga hesabu na la aliyehakiki. Siku ukishindwa kukaa chini yake, uje hapa, nitaandika ile barua."

Kasilda alitoka akiona afadhali angeandikiwa.

Miezi ya kwanza Nyanzala alimwita "Nesi Kasilda", kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni. Alimpangia kazi kwa haki. Hakumtolea siri yake, wala hakumchekea. Kasilda alihakiki dozi, akaandika jina lake chini ya jina la mwenzake, kila siku, na kila siku aliona jinsi akina mama wanavyomfuata Nyanzala kwa macho. Wivu ulikaa palepale, kama mwiba ulioingia kisiginoni, ila sasa alitembea nao akijua uko wapi.

Halafu asubuhi moja, kabla ya mvua za masika, alikuwa anajaribu kumchoma mtoto na mkono umeanza kutetemeka tena. Nyanzala alipita nyuma yake.

"Unaangalia sindano," alisema kwa sauti ya chini. "Mwangalie mama. Mwambie unachofanya. Mama akitulia, mtoto anatulia, na wewe utatulia."

Kasilda aliinua macho. Alimwambia yule mama atakachofanya, akamuuliza jina la mtoto. Mkono haukuwa imara kama wa mwenzake, lakini ulifanya kazi. Hayo hayakuwa kwenye daftari lolote la chuoni, na Kasilda alijua kwamba kama asingekuwa amemwonea gere angeyauliza mwaka mzima nyuma.

Mwanzoni mwa 1978 Nyanzala alichaguliwa kwenda kusomea ukunga Tabora. Wodi ikabaki kwa Kasilda. Alimsindikiza stesheni akimbebea kikapu, wakakaa kwenye benchi wakisubiri treni iliyochelewa.

"Nakuonea wivu," Kasilda alisema ghafla. "Hata leo. Hata kwa safari hii."

"Najua," Nyanzala alijibu. "Mimi nilikuonea wewe miaka mitatu, pale bwenini. Ulikuwa unalijua jibu kabla swali halijaisha. Nilikuwa nalia chooni."

Kasilda hakuwahi kulifikiria hilo. "Hukuniambia."

"Ningekuambia, nani angenifundisha?"

Walicheka kidogo, si kama zamani. Nyanzala hakusema kwamba amesamehe, na Kasilda hakuuliza. Treni ilipoingia walipakia mizigo, wakashikana mikono dirishani mpaka behewa lilipoanza kusogea.

Nyanzala hakurudi tena kufanya kazi Mpanda. Alipelekwa Nzega, akaolewa hukohuko. Waliandikiana barua, moja wakati wa Krismasi, nyingine wakati wa mavuno. Kasilda alikaa wodi ya watoto miaka kumi na moja. Wauguzi wapya walipofika kutoka chuoni, wawili wawili, vyeti bado vipya, hakuwahi kumweka mmoja chumba cha dawa na mwingine wodini. Aliwabadilisha nafasi kila wiki, na walipolalamika kwamba utaratibu huo unawachosha aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia zamu zinabaki hivyohivyo.