Funda la Kwanza

Kibuyu kilipita mbele yangu mikononi mwa mtu mwingine, nami nikakitambua kabla sijamtazama aliyekibeba. Shingoni kina alama ya moto, tangu siku babu yangu alipokiweka karibu na jiko akasinzia. Tangu enzi zake, sisi wa kilima cha Kasha ndio tuliompelekea mwami, mfalme wetu, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila sikukuu ya kupanda mbegu. Mwaka huu kazi hiyo alipewa Gracien, mwana wa Papa Donatien, mwenye jumba la vioo kule Ibanda, ukingoni mwa ziwa. Hatukuambiwa sababu. Tuliona tu bati jipya likimetameta juu ya ukumbi wa mwami.

Mimi niliachiwa tungo za sifa. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Beti zangu zilijifunza kutembea pamoja nami, kwenye vilima vya Bagira. Siku hiyo nilikuja na beti zilizomsifu mwami na papo hapo kumchuna Donatien ngozi.

"Bulonza," mama alininong'oneza akikaza kitenge kiunoni, "leo usibakize kitu. Bajue sisi ni ba nani."

"Batajua, maman."

Papa Donatien alitusikia. Akageuka kwenye kiti chake cha mbele, suti nyeupe kama maziwa.

"Mutoto ya Kasha, chunga sauti isipasuke. Kibuyu iko na benyewe sasa."

"Iko na mubebaji, papa. Benyewe batajulikana."

Wazee waliokuwa nyuma wakaguna kwa raha. Nikajiona mrefu.

Gracien alitembea vizuri, sitamnyima hilo: mgongo umenyooka, macho chini. Akapiga goti, akainua kibuyu kwa mikono miwili, akamnyooshea mwami.

Hakuonja.

Ngoma zikakatika. Kwetu, anayekupa kinywaji hunywa kwanza, nawe unamwona akimeza. Hata mama muuza kasiksi sokoni hafanyi vingine. Kumpa mwami bila kuonja ni kumwambia kwamba ndani mna kifo. Gracien alikulia katika nyumba ambamo kila mtu hufunguliwa chupa yake. Baba yake alidhani anaijua desturi. Sisi tuliojua hatukuulizwa.

Mikono ya mwami ilibaki magotini. Mlinzi akasogea. Gracien alikuwa akilitafuta kosa lake kwenye nyuso za watu, na hakuna uso uliomwambia. Papa Donatien alikuwa amenyanyuka nusu.

Mama akanivuta shati. "Umuache azame. Unyamaze tu, kibuyu itarudia kwetu."

Alisema kweli. Sikuhitaji hata beti; nilihitaji kusimama tu. Lakini niliitazama ile alama ya moto ikitetemeka mikononi mwa Gracien. Babu yangu hakukiacha kibuyu hicho kitetemeke mbele ya mwami, hata miaka ya vita, hata homa ilipomshika. Na jina la sumu likishakiangukia, nani angekumbuka ni mwaka gani kilibebwa na nani?

Nikatoka mstarini. Nikapiga goti kando ya Gracien, nikafunika mikono yake kwa yangu, nikakivuta kibuyu mdomoni. Nikanywa funda kubwa, kichwa nyuma, koo langu lionekane na wote. Pombe ilikuwa chachu kupita kiasi. Mama angeitengeneza vizuri zaidi.

"Ni nzuri, Mwami," nikasema.

Alinitazama, kisha akaitazama mikono minne. "Tangu lini kibuyu changu kinabebwa na watu wawili?"

Beti zote nilizozinoa zikanikimbia. Nyuma yangu nilimsikia Papa Donatien akipumua kama mtu aliyetolewa ziwani.

"Kinabebwa na anayekijua, Mwami. Huyu anajifunza."

Mzee mmoja alicheka, akajifunika mdomo. Mwami hakucheka. Alinywa, taratibu, mpaka tukasikia pombe ikishuka. Kisha akakirudisha kibuyu, akakinyoosha katikati yetu, si kwa Gracien wala kwangu, akangoja.

Gracien alikuwa ameshusha mikono mapajani.

"Shika," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hapa, kwenye alama ya moto. Hapo hakitelezi."

Akashika. Nami sikuachia. Kigelegele cha kwanza kikapanda kutoka nyuma, kikali, chenye hasira kidogo, na nikajua ni cha mama.