Mlango wa Kupigwa Nyonga

Dalali alikuwa ameshasema, na dalali akisema kasema: nyumba ya kuuzwa isinuke harufu ya wenyewe. Basi tangu asubuhi Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, alishinda akifuta. Alishusha picha ukutani, akakunja mapazia ya marehemu mama, akasugua masufuria. Kaka yake alipaka rangi sebuleni mpaka nywele zikawa nyeupe.

"Shikamoo, babu," Kitinda alimtania.

"Marahaba. Na wewe hilo sufuria unalisugua au unalibembeleza?"

Alikuwa akilibembeleza. Nyumba ilikuwa yao wawili, na kaka alihitaji fungu lake apate pa kuweka wanawe. Kitinda alikubali kwa mdomo. Moyoni aliomba wanunuzi wasiipende.

Saa kumi wakafika, mume na mke, dalali mbele kama bwana harusi. Sebule waliisifu.

"Na jikoni?" mke aliuliza.

Kitinda akatangulia. Mlango wa jikoni ulikuwa hausukumwi kwa mkono, hupigwa nyonga. Mama akiupiga alfajiri, gu!, nyumba nzima ilijua chai i njiani. Kitinda akaupiga kwa nguvu zake zote. Mlango ukafunguka kama pazia, naye akaangukia jikoni, puu!

"Ala! Nimesahau kukwambia," kaka alisema akimwinua. "Fundi ameuranda mchana huu, ulipokuwa uani."

Mke wa mnunuzi alicheka, kisha akajizuia. "Pole, mdogo wangu. Kwani mlango ulikuwaje?"

"Ulikuwa unakwama. Mama yetu alikuwa akiupiga nyonga kila alfajiri, ndiyo saa yetu ya kuamka."

Dalali alimkodolea macho: nyamaza! Lakini mume alikuwa ameshainama, anapapasa ukuta.

"Ulikwama kwa nini? Jiko lina unyevu?"

Kitinda akamtazama kaka yake. Neno moja tu, "ndiyo", wangeaga na kwenda zao. Kaka hakumkonyeza wala hakumsihi. Alisimama tu, rangi kichwani, akisubiri.

"Hapana," Kitinda alisema. "Baba aliuchonga kwa mbao mbichi. Alikuwa na haraka ya kuoa."

Safari hii mke hakujizuia kucheka. Kitinda akapangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Jiko ni kavu, dada. Asubuhi jua linaingia kwa dirisha hili, linafika mpaka mezani. Ukisimama hapo unapika huku unawaona watoto uani."

Akasogea pembeni, mgeni apate kusimama.