Jina la Mtu Aliye Hai

Mke wangu Reizl alipopata mimba ya kwanza, baba yangu alianza kutembea kama kijana. Alikuwa na duka la vitambaa Mtaa wa Gurruchaga, hapa Buenos Aires, na mteja akiingia tu, kabla hajasema anataka nini, aliambiwa habari: "Mushon anakuja."

Mushon ni jina la baba mwenyewe.

Kwetu Izmir, Uturuki, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na raha yote iko hapo, kwamba babu yu hai na analisikia. Mimi naitwa Jako kwa babu yangu. Tulipohama nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka bandarini. Alinishika masikio yote mawili akaniambia, "Ukifika huko, waambie wote unaitwa nani." Baadaye, tukiwa chumba kimoja hapa kitongoji cha Villa Crespo, watu wazima na watoto, baba alikuwa akiniita kwa sauti kubwa hata nikiwa miguuni pake. Nadhani alikuwa akimwita baba yake.

Ukoo wa Reizl ulitoka Lublin, Poland. Mama yake, Bi Gitl, mjane, aliuza matango ya siki kutoka kwenye pipa, na tangu siku ya posa hakutuamini.

"Wayahudi gani hawa," alisema, "wanakula wali siku ya Pasaka, kitu cha mwiko, na Kiyidi, lugha ya Wayahudi, hawajui hata neno moja?"

"Mkwe wangu," baba alimjibu, "Nabii Musa naye alijua Kiyidi?"

"Angezaliwa Lublin angejua."

Walitaniana hivyo, na mambo yalikwenda vizuri mpaka Ijumaa moja jioni, mezani kwetu. Mama yangu alikuwa akigawa maandazi yake ya mchicha na jibini. Baba akainua glasi.

"Kwa afya ya Mushon mdogo!"

Bi Gitl aliweka uma chini. "Nani?"

"Mjukuu wetu."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakaa hapa hapa, nimwone."

"Sasa utampaje jina ambalo bado unalitumia? Malaika wa Mauti akitumwa kumchukua Mushon, unafikiri atauliza umri?"

Hakuna aliyecheka. Reizl alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

Kwao, jina la aliye hai halipewi mtoto. Ni kumwombea kifo mmoja wao. Mtoto hupewa jina la marehemu, ili marehemu asipotee. Na baba yake Reizl, mzee Yeruham, alizikwa Lublin bila kuacha mtoto wa kiume.

Tulipobaki wawili, Reizl aliniambia, "Jako, nampenda baba yako. Ndiyo maana siwezi. Kila nitakapomwita mtoto, nitakuwa naogopa."

Kesho yake jioni nilikwenda dukani kumweleza baba.

"Kwa hiyo anataka nife kwanza," alisema.

"Hapana, baba. Anataka usife."

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Ajabu," alisema. "Mimi nilidhani jina ndilo linalomweka mtu hai." Kisha akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Siku ya nane tulimpeleka sinagogi, na baba ndiye aliyempakata, kando ya kiti kinachoachwa wazi kwa ajili ya Nabii Eliya. Ngariba alimaliza kazi yake, akauliza jina. Nilifungua kinywa. Upande mmoja nilimwona Reizl, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Upande wa pili, baba, mtoto magotini pake. Baba akanitangulia.

"Yeruham," baba alisema. "Yeruham mwana wa Jako."

Shangazi zangu walimwaga maji ya waridi mpaka sakafu ikateleza. Bi Gitl alipita katikati yao, akamfikia baba. "Asante, mkwe."

"Usinishukuru. Mwambie huyo malaika wako kwamba Mushon bado ni mmoja tu. Asije akakosea nyumba."

Alimpenda mjukuu wake. Alimbeba mabegani mpaka kwa mwoka mikate na kurudi, akimfundisha nyimbo za Izmir. Ila dukani hakutangaza tena kwamba kuna anayekuja. Yeruham alikuwa ameanza kuongea vizuri wakati moyo wa baba uliposimama, akiwa amesimama nyuma ya meza yake, mkasi mkononi.

Reizl alipopata mimba tena, sote tulijua jina. Sasa desturi zote mbili ziliruhusu. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma, kwa maana nilitaka baba alisikie.

Akazaliwa msichana.

Siku ya kumpa jina, nyumba ilijaa watu. Reizl alikuwa amechagua Hava, jina la shangazi yake marehemu. Kabla sijalitamka, Bi Gitl alisimama.

"Sultana," alisema.

Hilo ni jina la mama yangu.

"Mama," Reizl alinong'ona, "yu hai!"

"Najua yu hai. Nimetoka naye jikoni sasa hivi, tumegombana juu ya chumvi."

"Na Malaika wa Mauti?" nikamuuliza.

"Alimpata Mushon bila msaada wetu." Alitazama chini. "Yule mzee ameondoka hajasikia. Huyu na asikie."

Reizl alimtazama mtoto. Niliona hofu ikimpanda usoni, nikaona anavyoishika isimtawale. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa Bi Gitl.

Mama yangu alitokea mlangoni, mikono ina unga. Alikuwa amesikia jina lake, akadhani anaitwa.

"Mnasemaje?"

"Sultana," Bi Gitl alisema, akimwinua mtoto aonekane.

Mama alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Akavuta kiti, akakaa.

"Sema tena," alimwomba.