Nyumba ya Benedikta Barabarani

Benedikta alishakagua kiungo cha tela mara nne, na sasa alikuwa anakirudia mara ya tano. Usimcheke. Siku utakayovuta nyumba yako mwenyewe kwa gari, nyumba yenye magurudumu mawili na kitanda ndani, na hujawahi kuvuta hata mkokoteni, na wewe utakagua mpaka watu wakuone umechanganyikiwa.

Karavani yenyewe ilikuwa kuukuu. Wageni waliokuja kupima miamba waliiacha kijijini Tumati, ikakaa nyuma ya parokia hadi kuku wakahamia. Benedikta, dereva wa parokia, akaiomba, akapewa, akaisugua wiki nzima. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la wagonjwa huko Nangwa, wilaya ya Hanang. Kiwanja kidogo alikuwa nacho huko. Nyumba ndiyo hana. Tangu afiwe na mume, miaka sita, alikuwa analala chumba cha uani kwa kaka yake Tito, na katika miaka hiyo sita hapakupita wiki bila kujiuliza kama wamemchoka. Sasa angekuwa na mlango wake. Bawaba zake mbovu, sawa, lakini wake.

Fundi Nicodemo wa Dongobesh alikuwa amemwelekeza yote, tena kwa ukali.

"Ukishafunga kiungo, jaribu kukinyanyua. Kikitoka, hujafunga. Minyororo miwili, ipishanishe chini yake. Chomeka waya wa taa, mtu asimame nyuma akuangalizie breki na indiketa. Matairi pima upepo asubuhi, kabla hayajapata moto. Vioo vya pembeni tafuta virefu, hivyo vya gari vitakuonyesha ukuta wa nyumba tu. Jeki, spea, mawe ya kuzuia magurudumu. Na mzigo mzito, mama, ukae juu ya ekseli, pale penye magurudumu, usogee mbele kidogo. Nyuma usiweke kitu!"

Yote aliyafanya. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda, kwa sababu aliyepakia alikuwa Tito.

Alipotoka chumbani asubuhi hiyo, alimkuta kaka yake jasho linamtiririka, mlango wa karavani umefungwa kwa kamba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimeshakupakilia. Mzito nimeuweka nyuma kabisa, usikandamize shingo ya gari."

Tito alikuwa bingwa wa mkokoteni wa ng'ombe. Watu walimwita kuja kupanga magunia, maana mzigo ukilalia mbele unamwumiza ng'ombe shingo. Benedikta alifungua kinywa. Kisha akawaona majirani waliokuja kumuaga, akamwona na wifi yake Hilda kasimama na kikombe cha chai. Amshushie kaka mkubwa mzigo mbele ya watu wote hao? Akafunga kinywa. Hapo alikosea, na alijua anakosea.

"Twende basi, jua linapanda," Tito alisema, akaingia kwenye pikapu waliyoazimwa na parokia kabla hajakaribishwa.

Ana haraka gani huyu, Benedikta aliwaza. Ana haraka niondoke. Moyo ukamuuma.

Kwenye kilima cha kutokea Tumati gari lilinguruma, akatia gia ya kwanza. Tito aliinamia kioo cha mbele, macho kwenye barabara. Walipofika juu alishusha pumzi ndefu na kuegemea kiti. Benedikta hakumwuliza. Alikuwa na lake: usukani ulikuwa mwepesi mno, magurudumu ya mbele kama hayagusi chini vizuri. Akatazama kioo cha kushoto, cha kulia, cha kushoto.

Balaa lilianza kwenye mteremko wa kushukia Dareda. Kwanza karavani ilijitikisa kidogo. Ikajitikisa tena, zaidi. Kisha mkia wake ukaanza kwenda kulia na kushoto, ukilivuta gari nalo, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde.

"Shika breki!" Tito alipiga kelele. "Bene, breki!"

Hakushika. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushikilia usukani wima kwa mikono yote miwili, akaliacha gari lipungue lenyewe. Kulia, kushoto. Kulia. Jamani, muda ule ulivyokuwa mrefu! Mwisho mkia ukatulia, naye akakanyaga breki taratibu na kusimama kando.

Alishuka, akaweka mawe kwenye magurudumu, akalegeza kamba, akafungua mlango. Nyuma kabisa, ukutani, kulikuwa na mapipa mawili ya maji, yamejaa hadi mdomoni, na magunia manne ya maharage juu ya kitanda chake.

"Kaka! Maji? Umenibebesha maji?"

"Nangwa maji ni shida."

"Tungekufa! Umenielewa? Tungekuwa bondeni sasa hivi, mimi na wewe na hayo maji yako!"

Tito alipanda ndani, akaliinamisha pipa la kwanza mlangoni, maji yakamwagika barabarani, mengi, masafi, ya chemchemi, yakamlowesha dada yake miguu. Akainamisha na la pili. Benedikta aliyaburuta magunia mpaka juu ya ekseli, moja baada ya jingine, kwa hasira, bila kuomba msaada.

"Kuweka nyuma ni ujinga wangu," Tito alisema akiwa amekaa mlangoni. "Nilidhani gari ni kama ng'ombe. Lakini kujaza, hapana. Nilijua ni mzito. Nilikesha nachota ili gari lishindwe pale kilimani, turudi. Ndiyo maana nilikuharakisha, usije ukafungua mlango."

"Turudi wapi?"

"Nyumbani. Wapi tena?"

Benedikta aliliachia gunia. "Kaka, miaka sita nasubiri uniambie niondoke."

"Mimi? Nikufukuze wewe?" Tito alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Na wewe hukuniambia nibaki. Neno moja tu, kaka. Ningebaki."

Lori lilipita likipiga honi, vumbi likawafunika. Tito alijifuta uso kwa mkono.

"Baki, basi," alisema. "Bene, baki."

Benedikta alilia, wala hakujificha. Neno lilikuwa tamu, tena tamu sana, nalo lilimkuta barabarani, miguu imelowa, nyumba yake imekaa sawa nyuma ya gari kwa mara ya kwanza. Akarudisha kamba mlangoni, akaifunga, akaivuta kuona kama imekaza.

"Panda kaka, twende," alisema. "Uniambie tena tukishafika."