Ndoo Ndani ya Mtumbwi wa Kazi Zote

Muuzaji alisema "kazi zote" mara saba kabla nesi hajamaliza kukunja mwavuli wake. Mtumbwi wa kazi zote. Plastiki ya kazi zote. Hata makasia, eti, ya kazi zote.

"Unapiga deki?" nesi akauliza.

"Nini, mama?"

"Huo mtumbwi. Si umesema kazi zote?"

Shemeji yake akacheka, ila alicheka upande wa muuzaji. Mdogo huyu wa mumewe alijileta mwenyewe kama mtaalamu. Utaalamu wenyewe ulikuwa wiki mbili za hoteli ya ufukweni, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya duka.

"Shem, cheki huu mwekundu. Mwembamba kama sindano. Huu unakata maji!"

"Mimi sikati maji. Nachanja watoto."

Na hilo ndilo lililomleta. Kila Jumatano alivuka bwawa na kasha la chanjo, mizani na daftari. Mwezi uliopita mtumbwi wa mbao, uliokwisha kuoza tumbo, uliyumba alipojinyoosha kushika nguzo ya gati. Kasha likazama, na akina mama kumi na tisa wakarudi nyumbani na watoto wao vilevile walivyokuja. Sasa ofisi ilikuwa imemruhusu achague mtumbwi mmoja. Akikosea, hakuna mwingine, na watoto wa ng'ambo watachanjwa na upepo.

Muuzaji alikuwa bado anamwaga sera: kuvua, mashindano, matembezi ya familia, mito ya kasi. "Mama, huu utautumia mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka tangu niingie humu. Una ndoo?"

Nyuma ya duka maji ya bwawa yaligusa ngazi. Mwekundu ukashushwa. Nesi akajaza ndoo pomoni, akaiweka katikati ya mtumbwi.

"Hiyo ndoo ni chanjo. Wewe muuzaji ni mimi. Shemeji, wewe ni nguzo. Simama ngazi ya chini. Zunguka, rudi, shika nguzo kwa mkono mmoja. Maji yasimwagike."

"Shem, mtumbwi haupimwi hivyo. Wataalamu huwa wanaangalia..."

"Nguzo haiongei."

Muuzaji akapiga makasia kwa mbwembwe, akarudi, akainama kidogo tu kumshika shemeji mkono. Mwekundu ukalala ubavu. Ndoo ikamwagika, muuzaji akaifuata, na kwa kuwa hakuachia mkono, nguzo nayo ikamfuata muuzaji. Miwani haikuonekana tena.

"Kumbe unaogesha pia," nesi akasema. "Kweli ni kazi zote."

Kisha akaelekeza kidole mlangoni, kwenye mtumbwi mpana wa kijivu, bapa chini kama sinia, uliojaa mafagio. "Na ule?"

"Ule hauna soko, mama," muuzaji akajibu akikamua shati lake. "Mzito, mbaya. Tunawekea mafagio."

"Toa mafagio."

Ukashushwa majini, nesi akaingia mwenyewe na ndoo iliyojaa tena. Akazunguka, akarudi, akajinyoosha hadi kwenye ngazi, kisha akajinyoosha zaidi, kama anayepokea mtoto. Maji yakatikisika, yakatulia. Sakafu ya mtumbwi ilibaki kavu.

"Andika huu."

"Rangi ni hiyo moja tu, mama."

"Sichanji kwa rangi."

Shemeji, akitiririka maji, akakohoa. "Hata mimi nilikuwa nauangalia huo tangu tunaingia."

"Vizuri. Basi ubebe. Wewe mbele, huyu bwana kazi zote nyuma."